Sahani na Zizi: Mjadala wa Homoni katika Kukomaza Yai la Ng'ombe

Yai la ng'ombe huanza safari yake kabla mwenye yai hajazaliwa. Ndama jike akiwa bado tumboni mwa mama yake, mayai yake huanza ule mgawanyiko wa kupunguza kromosomu, kisha husimama katikati na kungoja. Yanaweza kungoja miaka. Kinachokuja kuyaamsha ni wimbi la homoni ya LH kutoka kwenye tezi ya pituitari, chini ya ubongo, ng'ombe anapokuwa kwenye joto. Wimbi likipita, yai lililo ndani ya folikeli kubwa humalizia hatua iliyobaki, na baada ya saa 24 hadi 30 hivi folikeli hupasuka na kuliachia. Folikeli yenyewe ni kile kifuko cha maji juu ya ovari ambacho daktari wa mifugo hukipapasa kwa mkono akitafuta kujua ng'ombe amefikia wapi.

Mwaka 1935 Gregory Pincus na E. V. Enzmann waliona jambo la ajabu kwa sungura: yai likitolewa tu kwenye folikeli yake huamka lenyewe, bila kungoja homoni yoyote. Mwaka 1965 Robert Edwards akaonyesha jambo hilo hilo kwa mayai ya wanyama kadhaa, ng'ombe akiwemo. Maana yake ni kwamba folikeli hufanya kazi mbili zinazoonekana kupingana: inalilea yai, na papo hapo inalizuia lisikomae kabla ya wakati. Hapo ndipo ubishi ulipozaliwa. Kama yai hujikomaza lenyewe likiwekwa kwenye joto na chakula, homoni zinazotiwa kwenye sahani ya maabara zina kazi gani? Na kama zina kazi, ni zipi, kwa kiasi gani, na ni za nani hasa: za yai, au za seli zinazolizunguka?

Minneapolis na Saint Paul ni miji inayofaa kuusikilizia ubishi huu. Kampasi ya Saint Paul ya Chuo Kikuu cha Minnesota, ambayo kiutawala imo katika kitongoji cha Falcon Heights, ina mabanda ya ng'ombe wa maziwa, maabara na chuo cha udaktari wa mifugo vilivyopakana. Jirani yake ni viwanja vya Maonyesho ya Jimbo, ambako kila mwisho wa kiangazi watu wa mjini husimama foleni kumtazama ng'ombe akizaa. Upande wa kusini, ukingoni mwa mto Mississippi, ndiko lilikokuwa soko la mifugo la South St. Paul, lililoanza miaka ya 1880 na kufungwa mwaka 2008. Zizi, maabara na machinjio vimekaa katika eneo moja, na kila kimoja kina hoja yake juu ya yai. Sauti zinazosikika hapa si za watu fulani. Ni misimamo mitatu ya fani hii, iliyopewa nafasi ya kujibizana.

Anayefungua ni sauti ya maabara, na anaanza na kazi yenyewe kwa sababu bila kuiona ni vigumu kupima hoja. Ovari zimefika kutoka machinjioni ndani ya chupa ya joto yenye maji ya chumvi. Wakati wa baridi ya Minnesota, hali ya hewa ikishuka chini ya nyuzi sifuri, chupa hiyo ndiyo uhai wa kazi nzima, maana yai la ng'ombe likipoa sana huharibika. Fundi huchukua ovari moja moja, huchoma kwa sindano folikeli zenye upana wa milimita 2 hadi 8, na kuvuta maji yake ya rangi ya majani makavu. Chini ya hadubini mayai huonekana kama punje za rangi ya kahawia, kila moja limevikwa tabaka za seli ndogo zilizobanana, seli za kumulasi. Yenye tabaka tatu au zaidi huchaguliwa. Yaliyo uchi huwekwa kando. Yaliyochaguliwa huingizwa kwenye tone la maji ya lishe, hufunikwa mafuta, na kuwekwa ndani ya kiatamizi chenye nyuzi joto 38.5 na hewa yenye asilimia 5 ya kaboni dioksidi. Baada ya saa 22 hadi 24 mayai yapo tayari kupewa mbegu.

"Mwenzangu," sauti ya maabara inasema, "tia mayai haya kwenye lishe tupu, halafu tia mengine kwenye lishe yenye FSH, homoni nyingine ya pituitari, uje utazame kesho. Ya kwanza utayakuta seli zake bado zimebanana. Ya pili zimetanuka, zimejaa ute, ukivuta kwa pipeti zinafuatana kama mlenda. Ute huo ni asidi ya haialuroni, na aliyeamrisha utengenezwe ni FSH."

Maelezo yake ni sahihi na yanastahili kufuatwa kwa utaratibu. FSH hainati kwenye yai. Vipokezi vyake viko kwenye seli za kumulasi. Ikishika kipokezi, ndani ya seli hupanda kiwango cha cAMP, molekuli ndogo inayopeleka habari kutoka kwenye ngozi ya seli hadi ndani. Habari hiyo huzifanya seli za kumulasi zitoe protini za jamii moja na kichochezi cha ukuaji wa ngozi, amfiregulini na wenzake, na protini hizo ndizo huwasha kazi ya kutanuka na kutoa ute. Kuna faida nyingine ambayo haionekani kwa macho. Sehemu ya cAMP hupenya hadi kwenye yai kupitia vijia vyembamba vinavyoliunganisha na seli zake, na humo hulichelewesha yai kuamka kwa saa kadhaa za mwanzo. Ucheleweshaji huo ni neema: yai linapata muda wa kujipanga ndani kabla kromosomu hazijaanza kusogea.

Sauti ya zizini inasikiliza yote haya bila kukana hata moja. Anachokataa ni hitimisho. "Daktari, umenionyesha mlenda. Mimi nauliza ndama. Kati ya mayai 100 uliyoyaweka kwenye kiatamizi, 80 hadi 90 yatamaliza mgawanyiko wa kromosomu. Hilo halina ubishi. Ukiyapa mbegu, mengi yatagawanyika. Lakini siku ya saba ukihesabu blastosisti, yaani viinitete vilivyofikia hatua ya kupandikizwa, utapata 30, pengine 40. Zaidi ya nusu yamepotea njiani, na seli zake zilitanuka vizuri tu kama za wenzake."

Hoja hii ndiyo uti wa mgongo wa mjadala mzima. Yai lina ukomavu wa aina mbili. Upo ukomavu wa kiini, ambao ni kromosomu kujipanga na nusu yake kutupwa nje kwenye kidonge kidogo kinachoonekana kwa hadubini. Upo pia ukomavu wa ndani ya yai lote: mitokondria kutawanyika, vifuko vya kuzuia mbegu ya pili kujipanga pembezoni, na zaidi ya yote akiba ya RNA na protini kutimia. Kiinitete cha ng'ombe hakitumii jeni zake chenyewe kikamilifu hadi kifike seli 8 hadi 16. Kabla ya hapo kinaishi kwa akiba kiliyowekewa na mama, kama msafiri anayekula chakula alichofungiwa nyumbani. Homoni ya kwenye sahani inaweza kuharakisha au kuchelewesha saa ya kuondoka. Uwezo wake wa kuongeza chakula kwenye mfuko ni mdogo, kwa kuwa yai lililokwisha kukua hunakili RNA mpya kwa kiasi kidogo sana.

Maabara inakubali tofauti hiyo, lakini haikubali kwamba FSH basi haina thamani. Seli za kumulasi ndizo zinazolisha yai, haziwezi kutelekezwa. Na hapo zizi linarudi nyuma hatua moja: FSH ibaki. Hata hivyo, mapishi ya lishe yaliyozoeleka yana vitu vinne kwa pamoja: FSH, LH, estradioli (homoni ya kike inayotengenezwa kwenye folikeli) na maji ya damu ya ndama, na vitatu vilivyobaki havina utetezi wa nguvu kama huo.

LH ndiyo inayoleta mshangao. Mtu asiyeijua fani angedhani hii ndiyo ya kwanza kutiwa kwenye sahani, kwa kuwa ndiyo inayoamsha yai ndani ya ng'ombe. Lakini ndani ya mwili LH hufanya kazi kwenye ukuta wa folikeli kubwa, na seli za ukuta huo huota vipokezi vya LH folikeli inapofikia kama milimita 8, wakati inapozishinda folikeli nyingine. Mayai ya machinjioni yametoka kwenye folikeli ndogo kuliko hapo, tena yametolewa kwenye ukuta wake. LH inabisha hodi kwenye nyumba isiyokuwa na mtu wa kufungua.

"Mbona basi taarifa nyingi za zamani zinasema LH ilisaidia?" sauti ya maabara inauliza, na swali ni la haki.

Jibu linapitia South St. Paul. Homoni za pituitari za miongo ile hazikutengenezwa kiwandani kutokana na jeni. Zilikamuliwa kwenye tezi zilizokusanywa machinjioni. Kampuni ya Armour, ambayo ilikuwa na machinjio makubwa South St. Paul kuanzia 1919 hadi 1979, ndiyo iliyokuwa na maabara huko Chicago za kutengeneza dawa kutokana na tezi za wanyama waliochinjwa, na wanasayansi wengi wa Marekani walitumia homoni zake. Tezi moja hutoa FSH na LH zikiwa zimechanganyika, na kuzitenganisha kabisa ni kazi ngumu. Chupa iliyoandikwa LH ilikuwa na FSH ndani yake, na chupa ya FSH ilikuwa na LH. Faida iliyohesabiwa kuwa ya LH yaweza kuwa ilitokana na FSH iliyojificha humo. Zilipopatikana homoni safi zilizotengenezwa kwa jeni, swali liliweza kuulizwa upya, na utetezi wa LH kwa mayai ya folikeli ndogo ukapungua. Maabara nyingi bado huitia. Haidhuru, ni kweli; lakini kutodhuru si sababu ya kununua.

Estradioli ina kesi nzito zaidi, na hapa mjadala unastahili kukaa. Kwa miaka mingi lishe ya kukomaza imekuwa ikitiwa mikrogramu 1 ya estradioli kwa kila mililita, kwa hoja iliyoonekana nyepesi kueleweka: folikeli inayokaribia kupasuka imejaa estradioli, basi yai linaipenda. Zizi linaipinga hoja hiyo kwa kutumia mwili wenyewe. Estradioli hujaa kabla ya wimbi la LH. Wimbi likishapita, kiwango chake kwenye maji ya folikeli huporomoka, na projesteroni huanza kutawala. Saa zile ambazo yai linakomaa ndani ya ng'ombe ni saa za estradioli kushuka. Kuitia kwenye sahani wakati wa kukomaza ni kulirudisha yai kwenye saa iliyokwisha kupita.

Utafiti wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ulilipa wazo hilo ushahidi. Mayai yaliyokomazwa kwenye lishe isiyo na maji ya damu lakini yenye estradioli yalikwama kwa wingi, na nyuzi zinazovuta kromosomu zilionekana zimevurugika. Kwenye lishe yenye maji ya damu madhara hayo hayakujitokeza hivyo, kwa sababu protini za damu hukamata homoni za jamii hii na kupunguza ile iliyo huru. Ndiyo kusema mapishi ya zamani yalijilinda yenyewe bila mpishi kujua. Maabara iliyoondoa maji ya damu ili kuepuka virusi, ikaacha estradioli vile vile kama ilivyokuwa, imeondoa ngao na kuacha mkuki.

Sauti ya maabara haina la kujitetea juu ya nyuzi zilizovurugika. Inachofanya ni kuongeza jambo ambalo zizi halikulifikiria, na ni jambo zuri. "Tazama tone lenyewe. Limefunikwa mafuta. Estradioli na projesteroni ni homoni zinazopenda mafuta kuliko maji. Unaandika kwenye daftari kwamba umetia mikrogramu 1, lakini baada ya muda sehemu kubwa imehamia juu kwenye mafuta. Yai halijaonja kiasi ulichoandika. Ukiniambia estradioli ni mbaya au ni nzuri, niambie kwanza sahani yako ilikuwa na mafuta au haikuwa nayo."

Ni kweli, na ndiyo sababu mojawapo ya taarifa za maabara mbalimbali kutopatana kwa miongo mitatu. Sahani yenye mafuta na sahani isiyo na mafuta ni majaribio mawili tofauti hata kama karatasi ya maelekezo ni moja.

Mafuta hayo hayo yanaingia kwenye suala la projesteroni. Seli za kumulasi zikichochewa na FSH hutengeneza projesteroni zenyewe, ndani ya sahani, bila kuongezewa. Watafiti wa Dublin walizuia utengenezaji huo kwa dawa, na pia wakaziba vipokezi vyake. Mayai yaliyofikia blastosisti yakapungua. Kwa hiyo projesteroni ya nyumbani inahitajika. Lakini kuna taarifa nyingine zilizoonyesha kwamba kuizidisha kutoka nje kunapunguza blastosisti badala ya kuongeza. Taarifa hizi mbili hazipingani. Kizalishwacho na seli jirani, kwa kiasi chake na kwa saa yake, si sawa na kile kinachomiminwa kwa pipeti mwanzoni mwa kazi na kuachwa hapo saa 24.

Homoni ya ukuaji inapita kwa haraka. Utrecht hiyo hiyo, mwaka 1996, ilionyesha kwamba ikitiwa kwenye sahani huharakisha kukomaa kwa kiini na kutanua seli za kumulasi. Katika jimbo la maziwa kama Minnesota jina lake lina historia ya kelele, kwa kuwa toleo lake la kiwandani la kuongeza maziwa liliidhinishwa Marekani mwezi Novemba 1993 na kuanza kuuzwa Februari 1994, huku wafugaji na wanunuzi wakigawanyika vikali. Kwa sahani, imebaki kuwa kitu cha majaribio kuliko cha kazi ya kila siku.

Kuna sauti moja ambayo pande zote mbili huelekea kuisahau, nayo ni ya yai lenyewe. Yai halipokei tu. Linatoa protini mbili, GDF9 na BMP15, zinazoziambia seli za kumulasi ziishi vipi na ziitikie FSH kwa namna gani. Mayai ya ng'ombe yaliyokomazwa kwenye lishe iliyoongezwa protini hizi yalitoa blastosisti nyingi zaidi. Yai duni basi lina hasara mara mbili: akiba yake ni ndogo, na amri zake kwa walinzi wake ni dhaifu. FSH ile ile, kwenye sahani ile ile, inakuta nyumba mbili zenye nidhamu tofauti.

Hapo sauti ya zizini inatoa karata yake kubwa. Mwaka 2002 kundi la Patrick Blondin, pamoja na Marc-André Sirard wa Chuo Kikuu cha Laval huko Quebec, lilitangaza matokeo yaliyobadilisha kazi hii. Ng'ombe walichomwa FSH kwa siku kadhaa ili folikeli nyingi zikue pamoja, kisha FSH ikakatizwa, na wakaachwa kama siku mbili kabla ya mayai kuvutwa, huku LH ikitolewa saa 6 kabla. Karibu mayai 80 kati ya 100 yalifikia blastosisti. Sahani haikuwa ya miujiza. Kilichobadilika ni yai lililoingia humo. Mwaka 2012 kundi hilo la Laval likaonyesha kwamba muda wa kungoja una dirisha: ubora hupanda hadi kama saa 54 baada ya FSH kukatizwa, kisha hushuka. Folikeli iliyonyimwa FSH kidogo hujiandaa kama ile inayokaribia kupasuka, na yai humalizia akiba yake. Ikinyimwa mno, huanza kuoza.

"Umeona, daktari?" zizi linasema. "FSH ile ile unayoitia kwenye tone, mimi nimeitia kwa ng'ombe, kisha nikaiondoa. Kuiondoa ndiko kulikoleta faida."

Saint Paul inaweza kuongeza jambo ambalo Quebec haina. Tangu 1964 Chuo Kikuu cha Minnesota kimetunza ukoo wa ng'ombe wa Holstein ambao hawakuchaguliwa kwa wingi wa maziwa. Madume yaliyotumika yalikuwa ya wastani wa wakati ule, na kizazi baada ya kizazi ukoo huo umebaki ulivyokuwa, wakati Holstein wa kawaida wamesukumwa mbele na uteuzi. Tofauti kati ya koo hizo mbili imefikia zaidi ya kilo 4,000 za maziwa kwa msimu mmoja wa kukamuliwa. Ni wanyama wa leo wenye jeni za juzi, na wanaweza kulishwa chakula kimoja ndani ya banda moja na wale wa kisasa.

Umuhimu wake kwa mjadala huu ni kwamba uteuzi wa maziwa ulibadilisha pia homoni. Ng'ombe anayetoa maziwa mengi, wiki za kwanza baada ya kuzaa, ana homoni ya ukuaji nyingi, insulini kidogo, na kidogo pia ya homoni iitwayo IGF-1. Anayeyusha mafuta ya mwili wake, na asidi za mafuta hayo hufika hadi kwenye maji ya folikeli. Watafiti wa Ubelgiji wameonyesha kwamba asidi hizo, kwa viwango vinavyokutwa kwenye folikeli, zikitiwa kwenye sahani hudhoofisha yai. Isitoshe, ng'ombe anayekula sana ana damu nyingi inayopita kwenye ini, na ini huondoa estradioli na projesteroni kwa kasi. Jambo hili lilichunguzwa kwa makini katika jimbo jirani la Wisconsin. Yai la ng'ombe huyu limelelewa kwenye bahari nyingine ya homoni kwa wiki nyingi. Kulipa estradioli ya sahani kwa siku moja ni kuchelewa.

Sauti ya maabara haijashindwa, na inastahili kusikilizwa hadi mwisho. Ng'ombe aliyechinjwa hawezi kuchomwa sindano ya siku nne zilizopita. Jike mwenye thamani anaweza kuvunjika mguu asubuhi na ovari zake zikawa ndiyo nafasi ya mwisho ya ukoo wake. Kwa hawa, sahani ndiyo yote. Ndiyo maana maabara zimejaribu kuiga ucheleweshaji wa folikeli: mayai huwekwa kwanza saa chache kwenye lishe inayopandisha cAMP au yenye peptidi ya CNP, ambayo ndani ya mwili ndiyo hulilaza yai usingizi, na baadaye ndipo hupewa FSH. Wazo hilo, kama lilivyotangazwa na watafiti wa Adelaide mwaka 2010, lilileta matumaini makubwa. Maabara nyingine zilizolirudia hazikupata faida hiyo hiyo, lakini mwelekeo ni sahihi, kwa kuwa unajaribu kulipa yai muda kabla ya kulipa amri.

Sauti ya tatu imekaa kimya hadi hapa. Inatoka kwa madaktari wa mifugo wa Afrika Mashariki, wale ambao mawazo yao yako Kabete kwa Kenya na Usa River kwa Tanzania hata wanapokuwa na viatu vya theluji, na miji hii miwili ya Minnesota ina Wakenya wa kutosha kuifanya isikike bila kulazimishwa. "Wakubwa zangu, nimewaelewa nyote. Mimi nina Boran. Chupa ya FSH inasafiri kwenye barafu, na bei yake ni ya ng'ombe wa tajiri. Ninunue nini?"

Swali hili linapanga upya kila kitu kilichosemwa. Boran ni wa jamii ya zebu, na zebu hubeba folikeli nyingi kwa wakati mmoja kuliko Holstein. Brazil, inayotegemea sana Nelore wa jamii hiyo, ilikuwa kwa miaka mingi kinara wa dunia katika viinitete vya maabara, na kwa kawaida huvuta mayai ya Nelore bila kuwachoma FSH kabisa. Mwaka 2016 viinitete vya ng'ombe vilivyotengenezwa maabara vilizidi kwa mara ya kwanza, duniani kote, vile vinavyooshwa kutoka kwenye mfuko wa uzazi. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilianzia Brazil. Sindano za kukuza folikeli zilizo muhimu kwa Holstein wa Saint Paul si lazima kwa Boran wa Laikipia.

Zizi linamjibu kwanza. "Ndugu yangu, ng'ombe wako mpe majani na madini, usimvute mayai akiwa amekonda baada ya kuzaa. Hiyo ni homoni ya bure." Maabara inaongeza kuhusu sahani. FSH ya kwenye tone ni kidogo mno ikilinganishwa na ya sindano; chupa moja ikigawanywa na kugandishwa hutosha mamia ya mayai. Hiyo anunue. LH aiache. Estradioli aiache, hasa kama anatumia lishe isiyo na maji ya damu. Projesteroni seli zitajitengenezea. Zamani maabara zilitumia maji ya damu ya ng'ombe aliye kwenye joto, ambayo yana LH na estradioli zake za asili, na yalifanya kazi. Lakini damu ya zizini hubeba virusi, na kiinitete kilichoambukizwa ni hasara kwa aliyekitengeneza na kwa atakayekipokea.

Sauti ya tatu inauliza la mwisho: atajuaje kama anafanya vizuri? Hapa maabara na zizi vinatoa jibu moja. Asihesabu seli zilizotanuka, wala kidonge cha kromosomu, kwa kuwa vyote viwili huonekana vizuri hata kwa yai lisilo na akiba. Aandike yai limetoka kwa ng'ombe gani, folikeli ya milimita ngapi, siku ngapi baada ya kuzaa, sahani yenye mafuta au isiyo nayo. Ahesabu blastosisti siku ya saba. Kisha apandikize, angoje kama siku 280, na ahesabu ndama.